Mtu wa Ng'ambo na Lenzi Yangu ya Bei Nafuu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitayapanga mambo upya, maana bila mpangilio hata mimi mwenyewe sijielewi.

Jina langu ni Erasto, mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja ya hapa Mtwara mjini, mzaliwa wa Makete, mume wa Sabina. Mwaka huu nilinunua lenzi ndefu ya kuvuta mbali, iliyokwisha kutumika, ya kampuni isiyo na jina kubwa, kwa sababu lenzi zile wanazobeba wageni mbugani si za mshahara wangu. Nilitaka wanafunzi wamwone kiboko wa mto Ruvuma jinsi alivyo, si yule ninayemchora ubaoni, ambaye kila mwaka hutoka kama nguruwe.

Mwenyeji wangu kule Mahurunga, kijiji cha kando ya mto huo, ni Ramadhani, mkulima wa korosho na mihogo. Ndiye anayenionyesha njia za viboko na kunibebea stendi ya kamera. Ramadhani alifiwa na mkewe, na baada ya kukaa peke yake kwa muda mrefu alimposa Rukia. Mume wa Rukia, Idrisa, alivuka mto na mzigo wa mitumba mwaka ule wa vurugu za ng'ambo, nchi jirani, asirudi. Kadhi alikwisha kuivunja ndoa hiyo. Eda ilikwisha. Siku ya ndoa mpya ilikwisha kutangazwa msikitini.

Ndipo mimi nikawaonyesha wanakijiji picha zangu, juu ya shuka jeupe, katika darasa la shule ya msingi. Ilipofika picha moja ya viboko, Rukia akasimama. Nyuma ya viboko, kwenye mchanga wa ng'ambo, palikuwa na mtu mdogo kama punje ya mchele, amebeba furushi begani.

"Mwalimu, usiitoe hiyo," alisema. "Huyo ni Idrisa."

Sheikh akaiahirisha ndoa papo hapo. Nami nikarudi mjini nikiwa nimeiharibu shughuli ya rafiki yangu kwa picha ya viboko.

*

Nyumbani, Magomeni ya hapa Mtwara, Sabina hakunipa pole.

"Baba Irene, nijibu kama unavyowataka wanafunzi wako wajibu. Sura ya mtu yule uliiona?"

"Sikuiona."

"Kwa hiyo si Idrisa."

"Sikusema si Idrisa. Nimesema sikuiona sura."

"Basi kawaambie hivyo hivyo."

"Nitawaambia, lakini kwa ushahidi. Mtu haachi tumaini lake kwa sababu mwalimu amesema."

Akaendelea kukuna nazi.

"Mimi nilisema tununue jiko la gesi," akasema. "Gesi inatoka hapo Madimba, inatupita mlangoni kwenda Dar es Salaam. Mke anapuliza mkaa, mume anapiga picha viboko."

Nilikuwa tayari na mpango, na mtu mwenye mpango haoni haja ya kubishana.

Siku ile ya shuka jeupe, kabla sijaondoka kijijini, mama yake Idrisa, Bi Zuhura, alinishika mkono akanipa picha ndogo ya mwanawe, ya pasipoti. Bi Zuhura hakukubali kamwe mwanawe asomewe hitima kama marehemu. Alinipa picha ile ili nilinganishe.

Kulinganisha ndiyo kazi niliyosomea chuoni. Mpango wangu ulikuwa huu: picha ya mtu wa ng'ambo ikuzwe kama ilivyo, na ile ya pasipoti ikuzwe saizi hiyo hiyo. Nizitundike ukutani bega kwa bega. Kila mtu ajionee kwamba huku kuna uso, na kule kuna doa. Kielelezo safi, kisichohitaji maneno.

Kielelezo hicho ndicho kilichoniangamiza.

*

Dickson ana studio hapa Magomeni. Hupiga harusi na vipaimara, lakini kazi iliyompa jina ni nyingine. Familia ikifiwa, humletea picha ya pasipoti ya marehemu, mara nyingi imechakaa, imepigwa mhuri shavuni. Dickson huikuza, huusafisha uso, humvalisha marehemu suti na kumweka mbele ya maua. Kwake hakuna marehemu asiye na tai.

"Mwalimu, hii ndiyo lenzi yenyewe?" aliniuliza. "Nilidhani umeleta bomba la kupulizia mikorosho."

"Cheka tu. Inafika milimita mia sita."

"Kufika inafika. Suala ni inafika na nini."

Nikamwonyesha picha za asubuhi. Mdiria juu ya tete, manyoya ya kifuani yanahesabika. Kiboko majini, nywele za masikioni zinaonekana.

Dickson akaacha kucheka. "Hizi nzuri. Naomba kusema kweli, sikutegemea."

Kisha nikamwonyesha mtu wa ng'ambo. Akaivuta kwenye kompyuta yake, akaivuta tena.

"Huyu chenga tupu, Mwalimu."

"Lenzi ya wakubwa ingemtoa?"

"Ingemtoa chenga za gharama."

Alikuwa sahihi. Wasomaji kadhaa wameniandikia kuuliza kama lenzi ya bei nafuu inaweza kutoa picha nzuri, na ni haki yao wajibiwe. Inaweza, kwa masharti. Piga asubuhi, kabla mchanga haujapata moto. Stendi isimame imara. Usiivute hadi mwisho wake kabisa. Mnyama awe karibu kiasi cha kukusikia ukikohoa. Ukipiga adhuhuri kuvuka mto, hewa yenyewe hutetemeka kama iliyo juu ya chungu cha uji, na hakuna fedha inayonunua lenzi ya kuituliza hewa.

Masharti hayo yote niliyavunja kwa picha moja. Sikuwa nampiga mtu yule. Nilikuwa napiga kiboko, naye akapita.

Nikachukua bahasha. Ndani nikaweka kadi ya kamera pamoja na picha ya pasipoti. Juu nikaandika IDRISA, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari kwa rula.

"Zikuze zote mbili, saizi moja," nikamwambia. "Ramadhani wa Mahurunga atapita kuzichukua. Mimi nasimamia mitihani."

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Sikuwa na shaka. Dickson ni mtu wa kazi. Ramadhani alikuwa anakuja mjini kufuata magunia ya korosho. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

*

Jumamosi nilipokaribia Mahurunga kwa pikipiki yangu, nilisikia vigelegele.

Moyo wangu ulitulia. Nilidhani picha zimekwisha kulinganishwa, doa limeonekana kuwa doa, na ndoa ya rafiki yangu imerudi kwenye mstari.

Ramadhani alikuwa amekaa peke yake pembeni mwa shamba la mihogo. Hakuinuka.

"Mwalimu, umeniua."

"Kuna nini? Picha hukuzipata?"

"Nimezipata. Mie mwenyewe nimezibeba, zimefungwa, nikampa Bi Zuhura mkononi. Ulinambia yule ntu hana uso. Nilikuamini, Mwalimu. Kumbe nimempelekea mchumba wangu uso wa mumewe."

"Uso upi?"

"Nenda kaone. Upo ukutani."

Nikaenda.

Ukutani kwa Bi Zuhura kulikuwa na picha moja tu, kubwa. Mchanga wa ng'ambo ulikuwa ule ule, na furushi lilikuwa begani. Lakini juu ya shingo ya mtu wangu wa chenga kulikuwa na uso safi kabisa wa kijana mwenye macho makubwa na kidevu chenye kishimo, anaitazama kamera kama mtu aliyeambiwa asicheke.

Katika picha yangu mtu yule alikuwa anatembea, ameupa mto ubavu.

Nilitoka nje nikampigia Dickson simu.

"Dickson, umefanya nini?"

"Mwalimu! Umeipenda? Ile kazi imenitoa jasho."

"Nilikuambia ukuze!"

"Nimekuza. Halafu nikaona umeniwekea na pasipoti. Bahasha moja, jina moja. Nikasema, Mwalimu anaona haya kunitajia msiba, kumbe kazi ni ile ile ya siku zote. Hata tai sikumvalisha, maana nimeona yupo kazini na mzigo wake."

"Dickson, mtu yule hatujui ni nani!"

"Kwani hajafa?"

"Hatujui!"

"Sasa Mwalimu," alisema polepole, kama anayenionea huruma, "watu wanaoniletea pasipoti huwa wanajua."

*

Nilirudi uani. Wanawake walikuwa wanasonga ugali wa muhogo kama siku ya karamu. Bi Zuhura alikuwa amevaa kanga mpya. Sheikh wa kijiji alikuwa amekaa jamvini, ametulia, lakini paji la uso wake halikuwa la mtu wa karamu. Rukia alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwenye mwimo, haangalii picha wala haangalii watu.

"Ndugu zangu," nilianza, "picha ile imetengenezwa. Uso umetolewa kwenye pasipoti, ukabandikwa. Kosa ni langu. Niliweka vitu viwili katika bahasha moja."

Vigelegele vikakatika.

Bi Zuhura akanijia hadi karibu, mdogo, mkavu, macho yanawaka.

"Mwalimu, nilikupa kapicha kadogo, umeniletea ntoto wangu nzima. Leo wataka kuntoa ukutani?"

"Mama, simtoi. Nasema hatujui kama ni yeye."

"Nkono je? Nkono wa kushoto ameukunja vile vile. Alianguka nkoroshoni akiwa ndogo. Nkono nao kaubandika huyo wa studio?"

Mtu yeyote mwenye furushi begani hukunja mkono.

Sheikh akainua kiganja, watu wakatulia.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye chombo. Nijibu neno moja. Lenzi yako inaweza kumtambua mtu ng'ambo, au haiwezi?"

"Sheikh, inategemea. Kwanza kuna umbali. Pili kuna joto la mchanga. Tatu..."

"Nimeomba neno moja."

"Haiwezi."

"Kwa hiyo yule si Idrisa."

"Siwezi kusema hivyo pia."

Sheikh akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali lisiloulizwa. "Basi una chombo kisichoweza kusema ndiyo wala hapana, na kimesimamisha ndoa."

Hapo ndipo nilipopata wazo la jaribio. Laiti ningekaa kimya nikanywa maji.

Nilimvuta Sheikh pembeni. Nikamweleza kwamba Ramadhani ataufuata mto kwa upande wetu huu, juu ya mchanga, hadi awe mbali kama ilivyo ng'ambo. Atabeba furushi begani. Nitampiga picha kwa lenzi ile ile, katika jua lile lile. Tutamwonyesha Bi Zuhura na Rukia bila kuwaambia ni nani. Wakishindwa kumtambua, au wakimtambua vibaya, kila mtu ataona kwamba macho hayana kosa, ila chombo hakifiki.

Sheikh alifikiri. "Hiyo ni haki," akasema.

Ramadhani alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani alikuwa na tumaini ambalo hakulisema. Nadhani alitaka Rukia amtambue.

*

Jua lilikuwa utosini. Ramadhani alikwenda na furushi la majani ya muhogo, akawa mtu, akawa mti, akawa punje. Nikapiga. Katika kioo cha kamera alionekana kama kitu kilichochorwa kwa chaki na kufutwa kwa kiganja.

Niliirudisha kamera uani. Sheikh alikaa upande wangu.

"Bi Zuhura," nilisema, "kuna picha nyingine. Tazama uniambie unaona nani."

Hakuhitaji hata kusogea.

"Ndiye! Si ndiye huyo? Nkono ule!" Akageuka kwa wanawake. "Ananenepa, mwanangu. Huko aliko anakula."

Sheikh aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mimi nilihisi ushindi, namna ya ushindi ambao mwalimu huuona somo linapoeleweka.

"Bi Rukia, nawe tazama."

Rukia alikuja. Alijifuta mikono kwenye kanga kwanza, kama mtu anayetaka kupokea kitu bila kukichafua. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Ndiye Idrisa."

Nyuma yetu furushi la majani likaanguka chini.

Ramadhani alikuwa amerudi. Alisimama pale na mchanga hadi magotini, jasho likimtiririka. Alikuwa amesikia.

"Huyo ni mie, Rukia," akasema.

Wanawake wakaacha kusonga. Hata sufuria jikoni ilikuwa kama imeacha kutokota.

"Umenitazama mie," Ramadhani akaendelea, sauti yake ndogo kuliko mwili wake, "ukamwona yeye."

"Mnaona?" nilidakia, kwa sababu nilikuwa na hitimisho nimekwisha kuliandaa. "Hilo ndilo nililokuwa naeleza! Lenzi haiwezi. Hata Ramadhani anakuwa Idrisa. Kwa hiyo mtu wa kwanza naye anaweza kuwa mtu yeyote, na ndoa haina sababu ya..."

"Nyamaza kidogo, Mwalimu," alisema Sheikh.

Bi Zuhura ndiye aliyeanza. "Lenzi lako leo bovu," akaniambia. "Siku ile lilikuwa zima." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Lakini Rukia alikuwa bado anaitazama kamera mikononi mwangu.

"Baba Husna," alimwambia Ramadhani, kwa jina la binti yake, kama alivyozoea kumwita, "nisamehe. Sikusema kwa kutaka."

"Najua."

"Hujui. Kama macho yangu yanakuchukua wewe mchana kweupe na kukufanya Idrisa, nikiolewa nawe kila siku itakuwaje? Nitakuwa naamka na nani?"

"Hewa ndiyo yenye kosa," nilisema. "Joto la mchanga..."

"Mwalimu, uani kwangu hakutakuwa na mchanga wa moto. Na bado nitamwona." Akajifunga kanga kiunoni, akaifunga tena kwa nguvu. "Navuka."

*

Nilijaribu kumzuia kwa kila njia niliyoijua. Nilimwambia kwamba ng'ambo bado hakujatulia. Nilimwambia kwamba mtu wa kwenye picha ameonekana mara moja tu, akipita, na huenda yuko mbali. Nilimwambia asubiri tuandike kwa ofisi ya kijiji, ofisi iandike wilayani.

"Wilayani wamjue Idrisa wapi?" akauliza.

Aliingia ndani akatoka na ile picha ya Dickson, ameikunja kama mkeka na kuifunga kwa kamba ya mkonge.

"Hiyo usiichukue," nikamsihi. "Uso ule si wa mtu yule."

"Uso ni wa Idrisa, au si wake?"

"Ni wake. Umetoka kwenye pasipoti."

"Basi nikiwauliza watu kwa uso huu, nitakuwa nimeuliza vibaya?"

Nimefundisha kwa miaka mingi. Nimeulizwa maswali na wakaguzi. Swali lile sikuwa na pa kulishika.

Kuvuka naye sikuweza. Mimi ni mtumishi wa umma, sina hati ya kusafiria, na mpaka ni mpaka hata kama watu wa pande zote mbili huuvuka kwenda kumwona shangazi. Tulipofika mtoni, mwenye mtumbwi alinitazama mara moja na lenzi yangu shingoni, akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Wewe na hilo bomba, hapana. Wataniuliza nimebeba nini."

Ramadhani angeweza kuvuka. Anaijua ng'ambo kama anavyolijua shamba lake. Nikamgeukia.

"Mfuate, bwana! Unasimama kwa nini?"

"Nikivuka nitakuwa nimekwenda kumchunga," akasema. "Kama ni yeye, nitasimama pale kama nani? Na kama si yeye, atasema nimefurahi."

Rukia akakaa katikati ya mtumbwi, picha mapajani. Mwenye mtumbwi akasukuma kwa pondo. Rukia hakugeuka nyuma.

Tukabaki wawili. Nikasimamisha stendi, nikaifunga kamera juu yake, nikahakikisha kila mguu umekaa sawa mchangani. Ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho ningeweza kukifanya sawasawa.

Mtumbwi ulikuwa wazi mpaka katikati ya mto. Niliona ua jekundu la kanga yake. Kisha ukaingia katika ile hewa inayochemka, ua likawa rangi, rangi ikawa doa. Niliona mtu akishuka. Niliona doa likipanda mchanga. Kutoka kwenye matete likatokea doa jingine, likasimama.

"Unaona nini?" Ramadhani aliuliza begani mwangu.

"Naona watu."

"Wanafanya nini?"

"Wamesimama. Wanasogeleana." Madoa mawili yakawa moja. Ama walikuwa wamekumbatiana, ama mmoja alikuwa amesimama mbele ya mwenzake, ama hewa ilikuwa imewachanganya. "Sijui, Ramadhani. Sioni."

"Kiboko ulimwona hadi nywele za masikio!"

"Kiboko alikuwa karibu. Ilikuwa asubuhi."

"Nipishe."

Nikampisha. Akainama, akaweka jicho, akashika stendi kwa mikono yote miwili ingawa nimemkataza mara nyingi, maana inatikisa picha. Alitazama kwa muda mrefu sana. Nilisikia pumzi yake.

"Anacheka," akasema.

"Nani?"

"Rukia. Anacheka, Mwalimu."

"Ramadhani, kwa umbali ule, na jua hili, hakuna lenzi duniani inayoweza..."

"Nakijua kicheko chake. Anakiinua kidevu hivi." Akakiinua chake, akanionyesha. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimemposa mie. Mwaka mzima najaribu kumfanya acheke vile, hajacheka."

Nilikuwa na kila ushahidi wa kumkatalia. Umbali, joto, saa, na jaribio tulilolifanya pamoja mchana ule ule, yeye mwenyewe akiwa ndiye punje. Ulimi ukanikatalia mimi.

Ng'ambo, mtumbwi ukang'oka.

"Wanarudi," nilisema. Nikarudi kwenye kamera.

Sura lenzi yangu haiwezi. Kicheko haiwezi. Lakini vichwa juu ya maji, hata hewa ikichemka, huhesabika, na katika hilo haijawahi kunidanganya. Mtumbwi ulipokwenda ulikuwa na vichwa viwili, cha mwenye mtumbwi na cha Rukia.

Nikahesabu.

"Wangapi, Mwalimu?"

Nikahesabu upya, kutoka nyuma kwenda mbele, kama ninavyohesabu karatasi za mitihani kabla sijazifunga.

"Mwalimu. Wangapi?"

"Watatu," nikasema.

Ramadhani alipiga magoti mchangani akaanza kuikunja miguu ya stendi, mmoja baada ya mwingine, kama anavyofanya kila siku tunapomaliza kazi, ilhali kamera ilikuwa bado iko juu yake na jicho langu bado limo. Mto ukalala upande, ng'ambo ikapanda juu, na mtumbwi ukatoka kwenye picha.